Mchuzi wa Kuku Asiyekuwepo

Mimi sikuumbwa kutulia. Mama alikuwa akisema nilijua kutembea kabla ya kukaa, na sidhani kama alikuwa anatania. Lakini asubuhi ile nilizidi. Uwanja nilikuwa nimeufagia mara mbili, vyombo nimevisugua kwa majivu mpaka vidole vikachubuka, na bado nilikuwa nazunguka ndani ya vile vyumba viwili vya kupanga pale Mazwi natafuta kitu kingine cha kushika. Baba wa mwenzangu alikuwa anakuja kutoka kijijini, upande wa Laela, kuniona kwa mara ya kwanza.

Nasema mwenzangu, sisemi mume wangu, kwa sababu hatukuwa na ndoa. Tulikuwa tumekaa pamoja mwaka na ushei, yeye seremala, mimi nafuma masweta, na kwa baridi ya Sumbawanga kazi hiyo haikosi wateja. Kwao ni Wafipa, watu wa kanisa kwelikweli. Kila Jumapili wenzetu wakipanga mstari kupokea komunyo, sisi tulibaki kwenye benchi tumeinamisha vichwa, na kila mtu alijua kwa nini. Paroko alishatuambia tulete wazazi wa pande zote mbili wakubaliane, mengine yatafuata. Wangu walikubali siku hiyo hiyo. Mzee wake alikataa.

Sababu yake ilikuwa ng'ombe. Sisi ni Wasukuma. Wazazi wangu walihama na mifugo yao kutoka kaskazini, wakateremka bondeni, wakakaa Muze, na mimi nilikulia huko. Yule mzee alikuwa na shamba la mahindi, na mwaka mmoja, mahindi yakiwa yamebakiza wiki chache kuvunwa, kundi la ng'ombe wa wafugaji lilipita humo na kulilaza lote. Hawakuwa ng'ombe wetu. Sisi tulikuwa mbali na huko. Lakini mtu aliyelaziwa shamba haulizi ng'ombe ni wa nani, anauliza wenye ng'ombe ni watu gani. Alimwambia mwanawe atafute mwanamke mwingine. Baada ya kubembelezwa na ndugu miezi mingi ndipo akalegea: atakuja mwenyewe, atakula chakula changu, halafu atasema neno lake.

Na mwenzangu alikuwa amenieleza wazi, tukiwa tumekaa kitandani, kwamba baba yake akisema hapana yeye hatanioa. Angeumia, alisema, lakini hawezi kumwoa mtu bila baraka ya baba. Niliinuka nikaenda kuchota maji ingawa ndoo zilikuwa zimejaa. Nilimpenda sana mtu yule. Kwa umri wangu huu sina haja ya kulizungushazungusha.

Sasa mgeni wa namna hiyo anapokelewa kwa kuku. Hilo halina mjadala. Nilikuwa na jogoo wangu niliyemlisha pumba miezi miwili kwa ajili ya siku hiyo tu, na siku nne kabla mzee hajafika, kideri kikaingia mtaani. Jumatatu jogoo alisinzia, Jumanne shingo ikapinda, Jumatano nikamfukia nyuma ya choo. Mtaa mzima ulikuwa unafukia kuku. Sokoni walioleta kuku walifukuzwa warudi nao, na walionusurika na kuku mmoja au wawili walikuwa wamewafungia ndani, hata ukipiga magoti hawakuuzii.

Mtu ataniuliza, kwani bucha hakuna? Bucha ilikuwepo. Lakini mzee alikuwa amebakiwa na meno ya kuhesabu, mwanawe aliniambia yeye siku hizi anakula ugali na mchuzi tu. Na hata angekuwa na meno yote, mimi, binti wa wafugaji, nimwekee mezani nyama ya ng'ombe mtu ambaye ng'ombe walimlia shamba? Sikuwa mwerevu sana siku zile, lakini mpaka hapo nilifika.

Basi nikaenda dukani. Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara zimefunguliwa, na maduka yalikuwa yamebadilika kiasi kwamba ulikuwa ukiingia unasahau ulichofuata. Sisi tuliokua tukipanga foleni kwenye duka la ushirika kwa mche wa sabuni, tukiambiwa sukari imeisha kabla hatujafika mlangoni, ghafla tuliona rafu zimejaa vitu vilivyovuka mpaka wa Tunduma: majani ya chai ya aina tatu, mafuta ya kujipaka, biskuti, maziwa ya kopo. Na vidonge vya mchuzi. Vilikuwa vidogo, vya mraba, vimefungwa kwa karatasi ya kung'aa, ndani ya boksi. Mwenye duka alikuwa navyo vya namna mbili. Boksi moja halina picha ila maandishi, hivyo ni vya kawaida, alisema, vinakoleza mchuzi basi. Boksi la pili lilichorwa kuku mnene wa kahawia amelala kwenye sahani. Hivyo vilikuwa na ladha ya kuku.

"Chukua vya kuku, dada," mwenye duka aliniambia. "Vya kawaida ni chumvi yenye maringo tu."

Nilichukua vya kawaida. Nilifikiri, mboga iwe mboga, iwe tamu, yaishe. Nikafika nyumbani nikaviweka juu ya meza nikavitazama, na moyo ukaanza kunisumbua. Mzee atafika, atanusa, hatasikia harufu ya kuku, atasema ameletwa mjini kuja kula viazi. Nikarudi dukani kubadilisha. Njiani nikakutana na jirani yangu, mama mmoja Mfipa aliyenifundisha kusonga ugali wa ulezi usiwe na madonge, nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, weka vya kawaida. Mchuzi usiseme kitu ambacho hakipo." Nikaona kweli, nikageuza njia. Nilipofika mlangoni kwangu nikamwona tena akilini jogoo wangu shingo imepinda, nikajiuliza kwani kosa langu mimi ni lipi, nikaondoka mbio. Mara hii nilibadilisha. Mwenye duka alicheka, akaniuliza kama dukani kwake pananinyima usingizi. Nilikuwa nimekasirika bila kujua nimemkasirikia nani.

Nilipika viazi vya mviringo na njegere, nyanya zilizoiva sana, kitunguu, na vidonge viwili vya kuku. Viwili, maana nilipoonja kimoja niliona kama kuku yuko mbali. Cha pili kilimleta karibu kabisa. Mwenzangu aliingia jikoni, akafunua sufuria, akashangaa. Nikamwonyesha boksi. Akatikisa kichwa akatabasamu, akasema, "Wewe mwanamke wewe," akatoka kwenda kumpokea baba yake stendi.

Mzee alifika saa saba mchana amejaa vumbi la njia mpaka kwenye kope. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa koti zito lililoshonwa viraka vizuri kwenye viwiko. Nikapiga magoti, shikamoo baba, akaitikia marahaba bila kuniangalia usoni, kama inavyompasa mkwe. Aliangalia nyumba. Aliangalia kitambaa cha meza, picha ya Mama Maria ukutani, mashine yangu ya kufumia. Niliwanawisha, nikaweka ugali na bakuli la mchuzi, nikarudi nyuma ya pazia linalotenga chumba na kijia cha jikoni. Mkwe hali na baba mkwe. Anasubiri. Na kusubiri ndiyo kazi ninayoichukia kuliko zote duniani.

Kwa hiyo nilichungulia. Mzee alimega tonge, akachovya, akala. Akachovya tena. Kisha akaacha tonge akachukua kijiko, akanywa mchuzi, na nikaona mabega yake yanalegea ndani ya lile koti. Alikunywa kwa sauti, kama mtu mwenye njaa aliyepata anachokipenda. Nilishika mdomo nisicheke kwa furaha. Nilijiona tayari kanisani.

Halafu akaanza kutafuta. Alipitisha kijiko chini ya bakuli, akainua kiazi, akakirudisha. Akapitisha tena upande wa pili, taratibu, akigeuza njegere kama anayepekua mfuko. Nilimwona anafanya hivyo mara tatu na bado sikuelewa. Nilifikiri anatafuta nyama, na nyama nilishajiandaa kuijibu: ningesema nimemwekea mchuzi mtupu kwa ajili ya meno yake. Akaweka kijiko mezani.

"Kuku huyu," alimuuliza mwanawe, "firigisi yake amekula nani?"

Pale ndipo nilipoelewa. Kwetu na kwao, na kila nyumba ninayoijua, firigisi ni ya baba. Kuku akichinjwa hata awe mdogo kiasi gani, watoto wagombanie mapaja, mama ale shingo, lakini firigisi inawekwa peke yake mbele ya mwenye mji. Baba akiwa mgeni kwa mwanawe, ni yake. Anayeila wakati baba yupo anasema hadharani kwamba huyu mzee si kitu tena. Nami nilijua hayo tangu sijaota meno. Ila nilikuwa nimefikiria harufu, sikufikiria firigisi, kwa sababu kuku mwenyewe hakuwepo, na kuku asiyekuwepo nani anamwazia firigisi?

Nilisubiri mwenzangu aseme ukweli. Nilimwona anafungua mdomo, anatazama pazia, anatazama baba yake.

"Nimekula mimi, baba," akasema.

Mpaka leo anajishangaa kwamba alisema vile. Alinieleza baadaye kwamba aliona nitaaibika, mdomo ukamtangulia. Mzee hakupaza sauti. Alinawa mikono, akasema neno moja kwa Kifipa ambalo sikulijua na sikuwahi kuomba nitafsiriwe, kisha akasema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie, "Basi umeshanizika." Akachukua kofia yake akatoka nje, akakaa kwenye benchi la mbao lililokuwa ukutani, uso barabarani, akamwambia mwanawe amtafutie lori la kwenda Laela, leo hii hii.

Sasa hapo mimi nikawa sina pa kukaa. Nilikwenda jikoni, nikarudi kwenye pazia, nikaenda jikoni. Nikisema ukweli, mimi ndiye niliyemlisha baba wa watu kuku wa karatasi, na mtu aliyekuja akiamini sisi ni watu wabaya anaondoka na ushahidi mkononi. Nikinyamaza, mwenzangu ndiye mtoto aliyekula firigisi ya baba yake, na hiyo haiishi, itasimuliwa kwenye kila msiba na kila kipaimara cha ukoo wao. Na naungama, nilifikiria kunyamaza. Nilifikiria kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Damu yao moja, nilijiambia, watapatana, lakini mimi nikishakataliwa nimekataliwa.

Kilichonitoa ni sura ya mwenzangu. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono inaning'inia, seremala mzima hajui aishikishe nini. Nilichukua boksi nikatoka nalo nje, nikapiga magoti kwenye vumbi mbele ya mzee.

"Baba, hakula firigisi. Hakukuwa na kuku. Kuku wetu wamekufa kwa kideri. Nilitia hivi."

Alipokea boksi akalitazama upande wa kuku, kisha upande wa pili, kana kwamba miguu ya yule kuku itaonekana huko nyuma. Akatoa kidonge, akakifungua, akakinusa.

"Humu ndani kuna kuku?"

"Hamna, baba. Ni ladha tu."

"Lete maji ya moto."

Nilileta kikombe. Akatumbukiza kidonge mwenyewe, akakoroga kwa kipande cha njiti, akangoja kitulie, akanywa funda moja. Akanywa la pili. Watu wawili waliokuwa wanapita na baiskeli walimwamkia, akaitikia, akarudia kikombe chake. Mwenzangu alikuwa amekuja kusimama mlangoni. Mimi magoti yaliniuma na sikuthubutu kuyasogeza.

"Kuku kabisa," mzee akasema. Kisha akaniangalia, mara ya kwanza siku ile, machoni. "Kwa nini?"

Nilikuwa nimetunga maelezo marefu. Yote yakanikimbia. "Niliogopa utanikataa," nikasema, na kilio kikanishika nikalia pale pale barabarani watu wakiona.

Alimaliza kikombe. Akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Huyu kanidanganya kwa sufuria, huyu kanidanganya kwa mdomo, tena kwenye mlo mmoja. Nikiwatenganisha nitakuwa nimeharibu nyumba mbili. Oaneni."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Tulitangazwa kanisani, tukafunga ndoa baada ya mavuno, na katika sherehe watu waliosikia kisa kile walinitania mpaka nikatamani kutoroka. Nilicheka nao. Lakini mimi nilikuwepo pale chini kwenye vumbi, na nilijua kwamba sikupewa baraka. Niliachiliwa.

Mzee naye hakusahau. Tangu hapo kila alipokuja kututembelea, mara mbili au tatu kwa mwaka, alishuka kwenye basi na kuku wake mwenyewe, hai, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Alimkabidhi mwanawe, akakaa uani kwenye kigoda, akaangalia kuku anachinjwa, ananyonyolewa, anapasuliwa. Firigisi ikija kwenye kisosi, imechemshwa mpaka imelainika kwa meno yake, aliigeuza kwanza kwa kijiko ndipo akaila. Majirani walinisifia: una bahati, baba mkwe anakuja na kitoweo! Niliwaitikia, ndiyo, nina bahati. Ndani nilikuwa nachemka. Nilifuga kuku wangu, nikawachanja, nikawa na wengi kuliko mtu yeyote pale mtaani, na bado alikuja na wake. Mwaka wa tano au wa sita nilimwambia mume wangu amweleze baba yake kwamba hata mimi nina kuku. Akasema, "Mwache mzee." Nilifunika sufuria kwa kishindo kilichoamsha mtoto.

Vidonge nilirudi kwenye vile vya kawaida na sijatoka huko. Watoto wangu walipokua walinilalamikia. Maduka yalikuwa na kila ladha, kuku, nyama, kitunguu saumu, pilau, na mama yao ananunua kilekile kisicho na picha. Niliwaambia hivyo vingine havipatani na tumbo langu. Kwa namna fulani haukuwa uongo.

Miaka mingi ilipita hivyo. Kisha mwaka mmoja, mahindi yakiwa yanakauka shambani, mzee aliletwa mjini kutibiwa. Miguu ilikuwa imevimba, akashushwa kwenye basi ameshikwa pande zote mbili. Nilikwenda stendi na mume wangu. Niliangalia mikono yake, kulikuwa na fimbo. Niliangalia mfuko wake, ulikuwa wa nguo. Niliangalia hata juu ya basi kwenye mizigo, kuku hakuwepo, na nikamkuta ananitazama ninavyoangalia.

Nyumbani tulimweka uani kwenye jua. Nilidhani amesahau kwa ajili ya ugonjwa, na sikutaka aone aibu, nikawahi kusema, "Baba, kuku wangu ni wale pale. Chagua umtakaye, atachinjwa hapa hapa mbele yako."

Hakugeuza hata kichwa. "Nimechoka kuangalia kuku," akasema.

Nikasimama na upawa mkononi, sijui niende wapi. "Sasa baba, nikupikie nini?"

"Unaniuliza mimi?" akasema, amefumba macho. "Jiko ni lako."

Nikafuta macho kwa ncha ya khanga, nikaingia kupika.